Huo si Uvimbe, Hiyo ni Bungoma

Nilikuwa sokoni Kitale nikichagua nyanya, na nikimgombeza mwenye nyanya kwa kupanga nzuri juu na mbovu chini, simu ikalia. Alikuwa mwalimu mmoja wa zamani, mtu ambaye sikujua hata kama bado ana namba yangu. Akasema, "Sister, Wafula ametuacha. Tunazika Jumamosi, kwao, upande wa Lugulu." Nikasema asante, kana kwamba ameniletea habari ya mvua. Nikalipia nyanya zote, nzuri kwa mbovu, mama wa watu akanishangaa, nikarudi nyumbani. Nilipoziweka mezani ndipo nilipokaa kitini na kuelewa kwamba hakuna tena mtu hapa duniani wa kukosea jina langu. Nikalia, tena si kidogo.

Naitwa Lilian. Ya ukoo wangu nayaacha, nimeshayasema kwingine na hayana msaada hapa. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa muuguzi kijana katika zahanati moja ya Kitale, mwembamba, mwenye mdomo, nikijiona nimejua mambo yote ya mwili wa binadamu kwa sababu nilijua kuchoma sindano bila mtoto kulia. Nilipanga chumba katika ploti ya mzee mmoja Singasinga, Mzee Gurdip, mwenye duka la vyuma kule mjini. Vyumba vilipangana kama madarasa, mlango kwa mlango, na kuta zake zilikuwa za mbao. Jirani akipiga chafya unamwambia afya ukiwa kitandani kwako. Jirani yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, na kabla sijaona sura yake nilikuwa nimeshachoka na sauti yake. Kila kunapokucha, nikitafuta dakika moja zaidi ya usingizi, namsikia ng'ambo ya mbao: "Lori la Lole limelala Londiani. Lori. La Lole. Limerara… ah! Li-me-la-la." Mara nyingine anaanza upya mpaka chai yangu inachemka. Nilidhani ni mhubiri, au ni mtu ambaye kichwa chake kina shida. Ya pili ilikuja kuwa kweli, lakini kwa njia ambayo sikuitaka.

Siku alipobisha mlango ilikuwa kuomba moto wa jiko. Kijana mrefu, tai shingoni, kaa lililozimika mkononi. "Jirani, mimi Wafura," akasema. Nikamwambia mimi ni Lilian. "Asante sana, Ririani." Nikasema, "Si Ririani. Lilian." Akanitazama kwa upole, kama ninavyomtazama mgonjwa asiyesikia vizuri. "Si ndivyo nimesema? Ririani." Nikampa moto wake aende. Baadaye nilikuja kugundua kuwa mtu huyu alikuwa na ndimi mbili. Akiwa darasani, chaki mkononi, anasema lala, kula, kalamu, hakosei hata moja. Hiyo ndiyo kazi ya lile lori la Lole. Lakini kengele ya jioni ikilia, Kiswahili cha darasani anakivua pamoja na tai, anarudi kwao Bungoma, anakura, anarara, na anapiga kerere. Nilimtania mpaka akanizoea. "Wewe ni mwalimu wa nini bana? Watoto wa watu wanafeli." Naye hujibu, "Ririani, mdomo nao unataka kupumzika kama miguu."

Tulianza kula pamoja bila mtu kutangaza. Leo anapika yeye, kesho mimi. Kwake ugali ulikuwa wa wimbi, mweusi, mgumu, na mboga ya mrenda, unaoteleza mpaka unakasirika nao, na kuku akitoka kwao, firigisi, sehemu ya heshima, anajiwekea mwenyewe na kunieleza kwa nini mwanamke haimfai. Nikiikumbuka ile meza, ambayo ilikuwa kreti ya soda iliyopinduliwa, natamani njaa ya siku zile. Sasa nina meza ya mvule ya watu wanane na nakula peke yangu nikitazama taarifa ya habari. Basi jioni moja, ilikuwa zamu yangu na nilikuwa nimejitahidi, akasimama katikati ya tonge. Macho yakatulia mahali. Mate yakamtoka kidogo pembeni mwa mdomo, akayafuta. Kisha akasema, "Ririani, hii mboga umepika na sufuria ya kutu?" Aka! Nilimwambia kama chakula changu kina kutu, barabara ya Bungoma haijafungwa, aende kwa mama yake. Tukanuniana. Lakini ikaja tena kwenye chai, tena chai aliyopika yeye. Ikaja kwenye ndizi mbivu, na ndizi haipikwi na sufuria. Kila mara ni ladha ya chuma, mate, ukimya kidogo, halafu anarudi kama mtu aliyechungulia dirishani. Mwisho akaanguka darasani mbele ya watoto, akitetemeka upande wa kulia, na ni wao waliokimbia kuniita zahanati.

Picha ya kichwa ilionyesha kitu cheupe upande wa kushoto, ukubwa wa pera, na kilikuwa ndani, ndani kabisa. Tulitumwa hospitali kubwa, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu, kwa mpasuaji wa ubongo aliyeitwa Daktari Mwende. Mama mfupi, viatu vya raba, sauti ya mwalimu wa kwaya. Hakutuficha kitu. Alikunja mikono yake miwili, akaibananisha. "Ubongo una mkunjo mkubwa huku pembeni, kama mdomo uliofumbwa," akasema. "Ukiufungua pole pole, ndani kuna sehemu tunaiita kisiwa. Uvimbe wako umekaa hapo." Wafula akasema, "Kisiwa? Daktari, mimi mtu wa Bungoma, hata kuogerea sijui." Tukacheka wote watatu, na kicheko kilipokwisha kile chumba kikawa kidogo sana.

Akaeleza kwamba njia za kufika kisiwani ni mbili. Ya kwanza ni kuufungua ule mkunjo na kupita katikati ya mishipa ya damu, na chini kuna mingine ni myembamba kuliko uzi wa cherehani. Ukikatika mmoja, mkono na mguu wa kulia huenda usiamke tena. Njia hiyo mgonjwa hulazwa usingizi na hajui kitu. Ya pili ni kupita juu, kwenye nyama ya ubongo wenyewe, kwa kutoboa mahali ambapo hapana kazi. "Shida ni kwamba kwenye midomo ya huo mkunjo ndipo maneno yanapokaa," akasema, "na kila mtu Mungu amempangia maneno yake mahali pake. Mimi siwezi kupajua kwa macho. Mpaka wewe mwenyewe uniambie." Wafula akauliza atamwambiaje naye amepasuliwa. "Ukiwa macho," daktari akasema. "Unaongea na mimi nakata." Wafula aliishika tai yake. Halafu akasema neno ambalo limenifuata maisha yangu yote: "Daktari, kama ni kuacha kipande, acha. Rakini usiniondoree maneno. Mwarimu bira maneno ni nini? Ni kiti." Daktari Mwende akamwahidi.

Siku ya kabla ya upasuaji walifanya mazoezi. Wa kumpima alikuwa kijana wa Pwani, Salim, Kiswahili chake kimepigwa pasi mpaka kikanyooka, na alikuwa na rundo la picha. Akionyesha picha, Wafula anajibu: kalamu, mlango, taa, kobe. Safi, kwa sababu alijiona yuko ubaoni. Kisha Salim akaziweka picha kando, akasema sasa tuongee tu. Leo umefanya nini? Wafula akalegea, akaegemea mto. "Reo nimekura mayai, harafu nikarara kidogo." Nikaona uso wa Salim umebadilika. "Umepiga kura?" akauliza polepole. "Ndiyo, nimekura. Mayai mawiri." Salim akanyanyuka, akamwita Daktari Mwende mlangoni, akanong'ona, lakini mimi masikio yangu yalilelewa na kuta za mbao. "Picha anaweza, mazungumzo hawezi. Herufi zinamponyoka. Daktari, uvimbe umeshafika kwenye maneno." Nikamsikia daktari akivuta pumzi. Akasema kama ni hivyo, kumwamsha hakuna faida tena, kilichoharibika kimeharibika. Atamlaza usingizi, apite mkunjoni, atoe chote.

Nilicheka. Sijui niseme nini kujitetea, nilicheka kwa sauti mle wodini mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akafunua shuka kutazama. Nikawaendea pale mlangoni. "Daktari, huo si uvimbe. Hiyo ni Bungoma." Wakanitazama. Nikawaeleza: ya lori la Lole, ya tai, ya ndimi mbili, na kwamba mkimpeleka kwao na kupima kijiji kizima kwa kipimo hicho mtafungua vichwa mpaka Krismasi. Salim, maskini, alikuwa mtoto mzuri, aliona haya mpaka masikio yakang'aa. Daktari Mwende hakucheka. Aliniuliza, "Wewe unaweza kusikia tofauti? Kati ya Bungoma na uvimbe?" Nikasema naweza. Nilisema haraka, kwa kiburi cha ujana.

Ndivyo nilivyoingia chumba cha upasuaji, nimevaa kijani, barakoa usoni. Kichwa chake kilikuwa kimebanwa na vyuma, na shuka zilitundikwa juu yetu kama hema, upande huu uso wake na mimi na Salim, upande wa pili daktari na kazi yake. Ngozi na mfupa walivitia ganzi. Ubongo wenyewe hauna maumivu, unaguswa na haujui. Walipomwamsha alifungua macho, akaniona, akasema, "Ririani, ni asubuhi?" Nikasema ni asubuhi. Salim akashika picha, mimi nikashika soga. Daktari alikuwa na kijiti chenye umeme mdogo. Anagusa mahali, na kama Wafula anaendelea kuongea vizuri, hapo panapitika. Akinyamaza ghafla au akiita kobe mlango, hapo ni kwa wenyewe, wanapawekea alama ndogo. Namna hiyo wakapata upenyo, wakaanza kushuka kisiwani. Nami nilimwuliza kila upuuzi nilioujua. Nani alikuwa ananiibia makaa? "Ni paka," akasema. Paka gani anabeba makaa? "Basi ni mimi. Rakini nirikuwa narudisha kwa moyo." Nikasikia muuguzi mmoja anacheka nyuma ya shuka. Nilimwuliza kuku anakatwaje, na mrenda unatiwa magadi kiasi gani, na kila l iliyogeuka r ilikuwa kwangu kama mtu anayenipungia mkono akivuka mto. Nilijua: bado yuko.

Daktari akasema kutoka upande wake, "Nimefika chini. Endeleeni." Nikamwuliza Wafula, mimi ni nani? Tulikuwa tumeulizana hilo mara nyingi, lilikuwa mchezo wetu. Akanitazama. Akasema, "Lilian."

Wazi. Herufi zote mahali pake, kama zilivyoandikwa kwenye cheti changu cha ubatizo. Salim akatabasamu, akaniinulia dole gumba. Huyu mtu hajawahi kuniita hivyo. Hajawahi akiwa na furaha, wala akiwa na homa, wala siku ile ya sufuria ya kutu. Nikapiga kelele, "Daktari, toa mkono! Toa!" Salim akasema taratibu, "Lakini dada, amesema sawasawa." Nikasema ndiyo maana. Daktari hakuuliza swali. Kile kijiti kilikuwa kimeshainuka. Wafula alikuwa ananitazama kama mwalimu anavyomtazama mzazi asiyemfahamu. Nikaushika mkono wake. Mimi ni nani? Hakujibu. Mimi ni nani, Wafula? Midomo ikacheza, ikakosa, ikarudi. "Riri… Ririani," akasema, "mbona unapiga kerere?"

Jioni ile daktari alinikuta kwenye benchi la nje. Akaniambia pale chini ameacha kipande, kidogo, kimeshikana na njia ya maneno, na kwamba vipande vya namna hiyo hulala, na siku moja huamka, na siku hiyo haijui mtu. Nikamwuliza kama angekiondoa ingekuwaje. Akasema labda Wafula angeishi miaka mingi zaidi, akiwa kiti. Nimeligeuza jambo hili usiku na mchana tangu wakati huo, na kila nikiligeuza nafika palepale. Aliomba maneno akapewa maneno. Ningepiga kelele ileile leo hii.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ndiyo ninayoitamani kuliko ujana wangu wote mwingine. Alipewa likizo, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, akikaa kwenye kibaraza cha ploti akimenya viazi kama mama wa nyumba, na Mzee Gurdip alikuwa akimletea maziwa ya ng'ombe wake na kusema, "Kunywa, mwalimu, rudisha damu." Asubuhi, ng'ambo ya mbao, lori la Lole lilikuwa limeanza tena safari. Nililala nikilisikiliza, na sikutaka tena dakika moja zaidi ya usingizi. Mwisho wa mwaka akapata uhamisho kwenda Bungoma, karibu na kwao. Nilijua ataniomba nifuatane naye, nilikuwa nimeshafua nguo zangu zote. Tulikaa kwenye ile kreti. Akasema, "Ririani, hii kitu itarudi. Sitaki kukuacha mjane." Nilimbembeleza, nikamtukana, nikarusha kikombe kikagonga mbao. Akaenda. Baada ya miaka kadhaa nikasikia ameoa. Wanaume! Yaani mwingine aliweza kuachwa mjane, mimi sikufaa. Mimi nami niliolewa, nikazaa, na nikawa mjane vilevile, wa mtu mwema aliyeniita Lilian maisha yake yote bila kukosea hata siku moja. Hatukuonana tena na Wafula. Hatukupigiana simu, hilo lilikuwa la heshima, na heshima ni mzigo wa kipumbavu wakati mwingine.

Jumamosi nikaenda kuzika. Kwao ni boma safi, migomba nyuma, ng'ombe wawili, na nyumba iliyojengwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kumaliza. Alikuwa mwalimu mkuu kabla hajastaafu; wanafunzi wake walijaa mpaka barabarani. Nilimpa mkono mjane wake, mama mnene mwenye macho makavu, nikasema jina langu kwa sauti ya chini kwenye ile kelele ya wimbo, akatikisa kichwa kama kwa kila mgeni. Baada ya kaburi tukaingizwa sebuleni kupewa chai. Kando yangu akakaa binti yake mkubwa, Nafula, anafanya kazi ofisini Bungoma mjini, urefu wa baba yake, na mdomo wa baba yake pia. Nikamwuliza tu, kama watu wanavyouliza matangani, aliumwa nini.

"Mama, hiyo ugonjwa arikuwa nayo tangu zamani, tangu hatujazariwa," akasema. "Rakini arikuwa na dawa yake ya asubuhi. Si ya kumeza. Ya kusema." Akatabasamu na kufuta macho. "Tangu tukiwa wadogo, kabra ya kwenda shure, razima mmoja wetu amwurize: 'Baba, reo unasemaje?' Naye anasema, 'Ririani.' Basi, tunajua kichwa iko sawa, tunaenda shure. Arituambia ni neno ya madaktari, ya kupima ubongo. Sisi turidhani ni Kiratini."

Niliweka kikombe chini. Nikauliza kama hata mama yao alikuwa akimwuliza. "Mama? Hapana. Mama ikifika hapo anachukua ndoo anaenda kukama. Ati ng'ombe haingoji." Akasogeza kiti chake karibu. "Harafu mwaka jana, asubuhi moja, nimekuja kuwatembelea, nikamwuriza kama zamani. Akasema, 'Lilian.' Hivyo hivyo, kama mtangazaji wa redio! Si tukacheka. Nikamwambia, 'Baba, reo uko darasani?' Yeye hakucheka. Ariweka chai chini, akasema nipigieni Daktari Mwende."

Kila asubuhi. Mimi huku Kitale nikichemsha chai yangu na kumlaani, na yeye kule Bungoma, mbele ya watoto wa mwanamke mwingine, kila kunapokucha, kabla ya lori lolote la Lole. Nikajifuta macho kwa ncha ya leso. Nafula akanishika goti, akidhani nimelia kwa sababu ya simulizi. "Pore, mama. Na wewe urikuwa unamjua wapi? Samahani, hata jina sijashika."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na birika, sijui tangu lini. Alinitazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayelinganisha nguo na kipimo alichokuwa nacho kichwani siku zote.

"Huyo ndiye Ririani," akamwambia binti yake. "Mwongeze chai. Ametoka mbari."